Taji lililovunjika mara mbili: kisa cha gego, kijiwe cha mchele na ufa uliotangulia

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya madaktari wa meno, mafundi wa maabara ya meno na wanafunzi wao, ingawa hata mgonjwa aliyewahi kuvunjikiwa na taji la kauri, yaani kifuniko kinachovikwa jino, ataona humu mambo yanayomhusu. Jina la mgonjwa, mji anakoishi, kazi yake na kliniki iliyomtibu mwanzo vimeondolewa. Tutamwita Bi. A. Ameridhia vipande vya taji lake vitumike kufundishia, na aliridhia kwa moyo mkunjufu, kwa sababu yeye mwenyewe alichoka kuambiwa kwamba kosa lilikuwa la mdomo wake.

Usuli

Bi. A. ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye afya njema, asiye na kisukari wala dawa za kudumu. Gego lake la kwanza la chini upande wa kulia lilioza hadi kwenye mshipa, likatibiwa mzizi, kisha likajazwa kwa simenti ya glasi ayonoma. Jino la namna hiyo hubaki na kuta nyembamba, na kwa kuwa ni gego, ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Daktari wake wa kwanza alimshauri livikwe taji. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa: bila kuvikwa, gego lililotibiwa mzizi linaweza kupasuka kuelekea chini ya fizi na kuishia kung'olewa.

Alitaka taji la rangi ya jino. Alipewa la lithiamu disiliketi, aina ya kauri yenye fuwele ndani ya kioo, inayopendwa kwa sababu inapitisha mwanga karibu sawa na jino la asili. Nguvu yake ya kuhimili kupindwa ni takriban megapaskali 400 (kipimo cha mkazo). Kauri ya zamani ya feldispa, ile inayopakwa juu ya kofia ya madini (metali), huwa kwenye 100 au chini yake. Zirkonia ya kawaida, kauri isiyo na kioo ndani yake, hufika 900 hadi 1,200.

Nazitaja namba hizi mapema kwa sababu zilichangia kuwapotosha watu katika kisa hiki. Taji la kwanza lilipovunjika, hoja ilikuwa kwamba nyenzo ni imara, basi tatizo litakuwa ni alichouma mgonjwa. Lakini namba ya kiwandani hupimwa kwa kipande kilichong'arishwa, chenye unene unaojulikana, ambacho hakijawahi kuguswa na drili ya mtu. Taji linalofika mdomoni limepita katika mikono ya watu kadhaa, na kila mkono umeliachia alama.

Mambo yalivyofuatana

Taji la kwanza halikumaliza mwaka. Bi. A. alikuwa akila pilau kwa ndugu zake, akahisi kitu kigumu, akasikia mlio, na nusu ya taji ikamjia ulimini. Alirudi kliniki kesho yake. Aliambiwa ameuma kijiwe cha mchele, kwamba kauri haivumilii vitu vigumu, na kwamba awe anatafunia upande wa pili. Vipande vilitupwa.

Kliniki ile ilikuwa na nia njema. Ilimtoza gharama ya maabara tu, na kwa kuwa picha ya skana ya kisiki cha jino, yaani jino lililochongwa tayari kuvikwa taji, ilikuwa bado kwenye kompyuta ya maabara, haikuona haja ya kuchukua nyingine. Maabara iko mji mwingine: mafaili huenda kwa mtandao, mataji hurudi kwa basi. Taji la pili likafika upesi, limechongwa kutoka faili lilelile, kwa mashine ileile. Lilipojaribiwa halikukaa hadi chini. Likasagwa kwa ndani kwa kichwa cha almasi mpaka likakaa, kisha likabandikwa kwa simenti ya glasi ayonoma.

La pili lilivunjika baada ya miezi 7, na safari hii hapakuwa na pilau wala kijiwe. Bi. A. alikuwa anakula mkate aliouchovya kwenye chai.

Alikuja kwetu na vipande ndani ya kopo dogo la mafuta ya kupaka. Nukuu yake iko kwenye faili: "Daktari, mara hii sikuuma jiwe. Mkate ulikuwa umelowa. Naomba mtu aniambie ukweli." Mumewe, aliyekuwa amekaa pembeni, akaongeza jambo ambalo halikuwa limeandikwa popote: "Huyu mwenzangu usiku anasaga meno. Mimi nimeshazoea, lakini mwanzoni nilikuwa naamka." Bi. A. alimgeukia kwa mshangao. Hakuwa akijua.

Tulipomchunguza tuliona kwamba magego yake ya juu yamelika na kuwa bapa, misuli ya taya imejaa, na kingo za ulimi zina alama za meno. Alikiri kwamba asubuhi taya huamka limechoka. Kisiki cha jino kilikuwa kizima, mzizi hauna uvimbe kwenye picha ya eksirei. Lakini tulipopitisha kidole juu ya kisiki tulihisi kona kali pale sehemu ya juu inapokutana na kuta. Nafasi kati ya kisiki na jino la juu ilikuwa ndogo.

Kusoma vipande

Sehemu hii nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayorukwa kwenye kliniki zetu nyingi. Vipande vya kauri havisahau. Ufa unapopita ndani ya kauri huacha alama juu ya uso unaoufungua, na alama hizo husema ulianzia wapi, ulielekea wapi, na kama ulisimama njiani. Wahandisi wa vioo wamezisoma kwa muda mrefu, na siku hizi wapo watafiti wa meno wanaozisoma kwa mataji yaliyovunjika vinywani mwa watu. Darubini ya elektroni huonyesha mengi zaidi, lakini hatua ya kwanza haihitaji mtambo mkubwa. Sisi tulitumia darubini ya nguvu ndogo, taa inayomulika kwa ubavu, na kamera ya simu iliyowekwa kwenye lenzi.

Kanuni ya kwanza ni kutojaribu kuviunganisha vipande ili kuona kama vinalingana. Kila anayepokea taji lililovunjika hushawishika kufanya hivyo, na kingo zinaposuguana alama nyororo zinafutika. Ya pili ni kutokwangua uchafu. Tuliviloweka kwenye maji yenye klorini kidogo, tukavisuuza kwa spiriti, tukaviacha vikauke.

Taji lilikuwa limepasuka karibu katikati, mpasuko ukipita bonde la kati la sehemu ya kutafunia. Kwenye nusu kubwa tulianza na upande wa nje, ule unaokutana na chakula. Kama kitu kigumu kingelipasua taji kwa kuliponda, tungeona kauri iliyosagika pale pa mguso, na michirizi ikitawanyika kutoka hapo kwenda ndani. Hatukuona hivyo. Palikuwa na doa dogo linalong'aa, alama ya jino la juu lililosugua mahali pamoja kwa muda mrefu. Karibu na uso huo wa nje, mpasuko ulikuwa umejipinda na kufanya mdomo uliokunjika. Kikunjo hicho hutokea pale ufa unapofika sehemu inayogandamizwa, na kwa hiyo huonyesha mwisho wa safari ya ufa. Uso wa nje ulikuwa ndio mwisho.

Tukageukia ndani. Michirizi midogo ilikuwa ikitawanyika kutoka eneo moja: juu ya dari ya ndani ya taji, pembeni kidogo ya katikati, pale dari inapokunja kuwa ukuta. Eneo hilo lilikuwa na mikwaruzo sambamba, mirefu, yenye kina, ya aina inayoachwa na kichwa cha almasi cha chembe kubwa. Mmoja wa mikwaruzo hiyo ulikuwa hasa ndipo michirizi yote ilipoelekeza.

Kati ya chanzo hicho na uso wa nje kulikuwa na mistari miwili iliyopinda, upande wa ndani wa mpindo ukielekea kwenye chanzo. Hiyo ni mistari ya kusimama. Ufa ulikuwa umetembea, ukasimama, ukatembea tena, ukasimama, kisha ukamaliza. Na kilichotuthibitishia ni rangi: kutoka kwenye chanzo hadi mstari wa pili, uso wa mpasuko ulikuwa na wekundu hafifu uliokuwa umeganda hata baada ya kusafishwa, na kutoka hapo hadi nje ulikuwa mweupe safi. Majimaji ya mdomoni yalikuwa yameshaingia ndani ya ufa siku nyingi kabla ya ule mkate. Taji lilikuwa limepasuka nusu na Bi. A. akiendelea kulitumia bila kuhisi kitu, kwa sababu jino lililotibiwa mzizi halina mshipa wa kumwarifu.

Mwisho tulipima unene kwa kalipa. Kwenye vilima ulikuwa milimita 1.4. Kwenye bonde la kati, pale mpasuko ulipopita, ulikuwa milimita 0.8. Kwa taji la lithiamu disiliketi kwenye gego, unene unaopendekezwa kwa kawaida ni milimita 1.5 upande wa kutafunia, na hata pale unaporuhusiwa kushuka hadi 1, sharti ni kwamba taji ligandishwe kwa resini (gundi ya aina ya plastiki), si kubandikwa kwa simenti ya kawaida.

Kwa nini ndani, na kwa nini baadaye

Kauri inavumilia sana kugandamizwa na haivumilii kuvutwa. Ubao uliowekwa juu ya mtaro, mtu akikanyaga katikati, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Dari ya taji iko katika hali hiyohiyo: jino la juu linakanyaga bonde la kati, na uso wa ndani, usioonekana na mtu yeyote, ndio unaovutwa. Mkazo huo hukua kwa mraba wa wembamba. Taji la milimita 0.8 badala ya 1.5 hubeba mkazo wa takriban mara tatu na nusu kwa nguvu ileile ya kuuma.

Kisha kuna mikwaruzo. Mwaka 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi ya ndege huko Farnborough, alieleza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko inavyotarajiwa kwa kuangalia viungo vya atomi zake: kina nyufa ndogo, na mkazo wote hukusanyika kwenye ncha za nyufa hizo. Nguvu ya kipande haitegemei nyenzo peke yake, inategemea pia ufa wake mkubwa zaidi ulioko mahali panapovutwa. Ufa ukizidi kina mara nne, nguvu inabaki nusu. Kwa hiyo anayesaga ndani ya taji kwa almasi ya chembe kubwa, bila maji, anachagua yeye mwenyewe nguvu ya taji lile, na anaichagua mahali pabaya kuliko pote.

Sababu ya kuchelewa ni maji. Mdomo haukauki. Molekuli za maji huingia hadi kwenye ncha ya ufa na kukata viungo vya silikoni na oksijeni vinavyoshikilia kioo, hasa ufa unapokuwa umevutwa wazi. Ufa husogea taratibu chini ya mizigo ambayo peke yake isingeweza kulivunja taji. Anayesaga meno usingizini huongeza mizigo hiyo maelfu kwa maelfu, na kwa muda mrefu kuliko mlo wowote. Gego la mtu mzima linaweza kuuma kwa nguvu ya nyutoni 500 hadi 700 mtu akikaza kwa makusudi. Katika kula kwa kawaida hatukaribii hapo. Usiku hakuna anayejizuia.

Ukiweka haya pamoja, kijiwe cha pilau kinapata nafasi yake halisi. Huenda kweli kilikuwepo kwenye sahani ile ya kwanza. Vipande vya taji la kwanza vilitupwa, kwa hiyo kuhusu taji hilo siwezi kudai chochote zaidi ya kwamba lilitoka kwenye faili lilelile. Lakini taji la pili lilivunjwa na mkate uliolowa, maana yake kazi ilikuwa imeshamalizika kabla.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolichonga taji jingine hadi kisiki kirekebishwe. Tulizungusha kona zote kali, tukaondoa sehemu ya ujazo wa glasi ayonoma iliyokuwa imelegea na kuijenga upya kwa resini, kisha tukachukua skana mpya. Faili la zamani tuliomba lifutwe.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa nyenzo, na hapa tulijadiliana naye kwa muda. Kurudia lithiamu disiliketi kungewezekana kama tungepata milimita 1.5 za nafasi. Baada ya kulainisha kona, nafasi ilikuwa milimita 1.1. Kuongeza kungetulazimu kukifupisha kisiki, nacho kilikuwa na kimo cha kama milimita 4, kiasi ambacho ndicho cha chini tunachokitaka kwenye gego ili taji liwe na pa kushika. Tungetatua kuvunjika na kukaribisha kung'oka.

Njia ya pili ilikuwa taji la madini matupu. Nasema wazi kwamba kwa msagaji wa meno, kwenye gego, mimi bado naliona ndilo chaguo bora: madini hujipinda kidogo pale kauri inapopasuka. Tulimweleza hivyo. Alikataa kwa sababu jino linaonekana akicheka, na mdomo ni wake. Tuliandika kwenye faili kwamba ameelezwa.

Tulikubaliana zirkonia nzima, isiyopakwa kauri nyingine juu. Zirkonia ina ulinzi ambao kauri za kioo hazina, ulioelezwa na watafiti wa Australia mwaka 1975: ufa unapoanza kusogea, fuwele zilizo karibu na ncha yake hubadilika umbo na kuvimba kwa takriban asilimia 4, na uvimbe huo huubana ufa. Kwa milimita 1 ya unene hilo lilitutosha. Tulisisitiza mambo mawili kwa maabara. La kwanza, iwe zirkonia yenye itria (kiongezi chake) ya moli asilimia 3, si zile angavu zaidi za 4 au 5. Uangavu huo hupatikana kwa kuongeza fuwele zisizobadilika umbo, yaani kwa kupunguza ulinzi wenyewe. Wagonjwa wengi huahidiwa "zirkonia" bila mtu kuwaambia ni ipi. La pili, isipakwe tabaka la kauri ya feldispa kwa ajili ya urembo, kwa sababu tabaka hilo ndilo humeguka: ni dhaifu, na zirkonia hupitisha joto polepole mno hivi kwamba likipozwa haraka baada ya tanuri, mikazo hubaki imefungiwa ndani yake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kugandisha. Asidi ya haidrofloriki inayotumika kukwaruza lithiamu disiliketi haifanyi kazi kwa zirkonia, kwa sababu hakuna kioo cha kula. Upande wa ndani ulipulizwa chembe za alumina za mikroni 50 kwa shinikizo dogo. Baada ya kulijaribu taji mdomoni tulilisafisha kwa dawa maalumu kabla ya kulibandika, kwani fosfeti za kwenye mate hushika zirkonia na kuchukua nafasi ya gundi. Kisha tukatumia resini yenye kiungo cha MDP, ambacho hushikana na zirkonia kikemia.

Wa nne ulikuwa kinga ya usiku ya akriliki ngumu, ivaliwe juu ya meno ya juu.

Matokeo

Taji la kwanza la zirkonia lililotoka maabara tulilirudisha. Lilikuwa na unene wa milimita 0.6 sehemu moja ya bonde la kati, na tungeweza kulipokea, maana kwa macho lilikuwa zuri. Tulilipima kwa sababu tumejiwekea kupima kila taji la gego kabla ya kumwita mgonjwa. Kuchelewa huku kulimkera Bi. A., na taji lake la muda lilichomoka katika kipindi hicho ikabidi libandikwe tena. Taji lililofuata lilikuwa na milimita 1.0 kila mahali na lilikaa bila kusagwa kwa ndani hata kidogo. Kwa nje tulirekebisha mguso mmoja, kwa almasi laini na maji, kisha tukaling'arisha kwa hatua zote. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri hulila kidogo tu jino linalokutana nayo. Iliyoachwa na mikwaruzo hulisaga.

Katika ukaguzi wa mwaka wa kwanza na wa pili taji lilikuwa zima, fizi imetulia, na gego la juu linalokutana nalo halijaonyesha kulika kuliko majirani zake.

Kinga ya usiku haikufanikiwa. Aliivaa miezi michache, akaacha kipindi cha joto, akasema inamjaza mate na kumkosesha usingizi. Tuliipunguza unene, akaijaribu tena, akaacha tena. Hivyo taji limehimili mpaka sasa likiwa limepoteza mojawapo ya nguzo tulizolipangia, na sitaki msomaji adhani kwamba nguzo hiyo haikuhitajika.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kopo la mafuta. Bila vipande, tungekuwa na mgonjwa anayesema hakuuma jiwe na daktari asiyemwamini. Kliniki yoyote inaweza kuwaambia wagonjwa wake: likivunjika, lete vipande vyote, vikavu, usivitupe wala usivibandike. Na kliniki yenyewe isivitupe. Taji la kwanza la Bi. A. lingesomwa, la pili lisingechongwa vile.

Kilichofeli mwanzo si kosa la mtu mmoja, na hili tulilijua kwa uhakika pale fundi wa maabara alipokubali kuja kuangalia picha za darubini. Alikuja akiwa amejiandaa kushutumiwa. Alipoona ile mikwaruzo alikaa kimya, kisha akasema: "Daktari, mimi nasaga kwa sababu taji haliingii. Na haliingii kwa sababu kisiki kina kona ambazo kichwa cha mashine hakifiki." Alikuwa sahihi. Kichwa kinachochonga ndani ya taji kina mviringo wake, hakiwezi kuchonga kona kali kuliko unene wake. Ikikutana na kisiki chenye kona kali, mashine ina njia mbili: ama huacha kauri pale, na taji likaelea, ama programu hufidia kwa kula kauri zaidi ili kona ipite, na ukuta ukawa mwembamba. Faili la Bi. A. lilikuwa na vyote viwili. Kona ya daktari ilizaa taji lisilokaa, taji lisilokaa likazaa almasi ya fundi na ya kliniki, almasi ikazaa mikwaruzo, na mikwaruzo ikakaa palepale panapovutwa. Kila mmoja alitatua tatizo lililokuwa mbele yake kwa njia ya kawaida ya kazi.

Karatasi ya maagizo nayo ilikuwa na sehemu yake. Iliandika rangi ya jino na tarehe ya kurudishwa. Haikutaja kwamba mgonjwa anasaga meno, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na hata angeulizwa angesema hapana. Swali hili tunapaswa kumwuliza anayelala naye chumba kimoja, na kuliandika hata kama jibu la mgonjwa ni tofauti na meno yake yaliyolika. Fundi anayejua kwamba taji linakwenda kwa msagaji ataomba nafasi badala ya kupunguza unene ili tu lifunge.

Kuhusu simenti sina uhakika uleule. Glasi ayonoma chini ya lithiamu disiliketi nene, kwenye kisiki kirefu, inakubalika na hufanya kazi vizuri. Hapa iliwekwa chini ya dari ya milimita 0.8, juu ya ujazo uliolegea, na bila shaka haikusaidia. Lakini kama unene ungekuwa sahihi na ndani hapakuwa na mikwaruzo, nadhani taji lingeweza kudumu miaka na simenti hiyohiyo. Wapo wenzangu wanaoiweka simenti mwanzo wa orodha ya lawama. Vipande vya Bi. A. havikuniambia hivyo.

Kwa upande wetu, kinga ya usiku tuliileta kama kifaa cha mwisho wa matibabu, ikakabidhiwa siku ambayo mgonjwa alishafurahia jino lake jipya na kuona kazi imekwisha. Kwa wagonjwa wengine wawili wa aina yake tumeanza na kinga kabla ya taji, wakaivaa wakiwa bado na sababu ya kuihofia hali yao, na wote wawili wanaendelea nayo.

Bi. A. amerudi hivi karibuni kwa ajili ya gego la chini upande wa kushoto, lenye ujazo mkubwa wa zamani ulioanza kupasuka ukingoni. Ameomba taji kama lile la kulia. Tumemjazia kwa muda, tumemchukulia vipimo vya kinga mpya, nyembamba zaidi, ya taya la chini, na tumekubaliana naye na mumewe kwamba jino halichongwi kwanza mpaka atakapokuwa ameizoea kuivaa.